Neno Lisilokuwemo kwenye Kompyuta

Kikombe cha bati kiligonga mtungi, na jogoo alikuwa hajawika. Altamiro akajua mkewe ameamshwa na kikohozi tena. Dorvalina alikuwa akilala ameketi, magunia mawili ya pumba mgongoni, maana akijinyoosha tu, wali wa jana ulirudi kooni umechacha na kumwunguza.

"Maji yanashuka?"

"Yanashuka, mume wangu. Polepole, kama wewe na magoti yako."

Altamiro akacheka, akamfunika mabega.

Siku hiyo Dorvalina alitakiwa hospitali ya mjini. Miezi kumi na minne alikuwa kwenye foleni ya kupanuliwa umio, njia ya chakula, kwa puto, na gauni lake la kanisani sasa lilimzunguka mara mbili. Kijijini ugonjwa huo waliuita mkwamo, na hakuna aliyeuliza zaidi. Waliokulia kwenye nyumba za udongo, ambamo mdudu mnyonya damu waliyemwita kinyozi aliwauma usoni na kuwaambukiza wakiwa usingizini, walikula wamesimama, bilauri mkononi, wakirukaruka ili tonge lishuke.

Karani wa hospitali hakuinua macho. "Tatizo?"

"Mkwamo, baba."

"Mkwamo haumo humu kwenye kompyuta. Kifua kinawaka?"

"Kinawaka, lakini..."

"Chakula kinarudi kichungu?"

"Kinarudi, ila hakijafika tumboni hicho. Kinachachia njiani."

"Kiungulia," karani alisema, akabonyeza. "Foleni ya puto si ya kiungulia. Nimekutoa. Vidonge dirisha la pili."

Vilikuwa vikubwa kama maharage.

"Vidonge hivi nitavimezaje?"

"Kwa maji, mama. Anayefuata!"

Alijaribu palepale ukumbini. Kidonge kikakwama katikati ya kifua. Akainua mikono, akaruka. Watu kwenye benchi wakacheka. "Bibi anacheza samba!" Mwanamke aliyekuwa akifagia akaegemeza ufagio ukutani, akamshika mkono, akaruka naye, mpaka kicheko kikaisha.

Jioni akaja Cleonice, mhudumu wa afya wa kijiji, na mizani yake begani. Kilo nne zilikuwa zimepotea tangu Pasaka. Akaisoma karatasi ya hospitali mara mbili.

"Shangazi, kwa nini ulikubali kifua kinawaka?"

"Kwani hakiwaki?"

Cleonice akafuta uso kwa kiganja. "Itabidi nikuandikishe upya. Unaanza mwisho wa foleni."

"Nipe kalamu."

Dorvalina alilikata neno KIUNGULIA. Juu yake, kwa herufi kubwa alizojifunza uzeeni, akaandika MKWAMO.

"Hawataisoma, Shangazi."

"Wasiisome. Ila uongo hautalala nyumbani kwangu."

Akamsindikiza hadi kwenye lango la waya, akaushikilia mkono wake kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Njoo tena Ijumaa, binti yangu. Nitakupikia wali wa matunda ya pequi. Wewe ule, mimi nikae nitazame unavyoshuka."