Kopo la Mwisho la Kiguu

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua dirisha, akatia cherehani mafuta, akatunga uzi, ndipo akanywa chai. Siku hiyo uzi ulikuwa bado mdomoni honi ilipolia nje. Alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, na wala hakuzima gari.

"Wanapanua barabara kuu, shemeji. Tingatinga zinaanza kesho. Twende tukavitoe vikopo vyake."

Dada mtu walimwita Kiguu, maana alikuwa kiguu na njia. Aliupenda ule mchezo wa simu: unaficha kopo kando ya barabara, unaweka alama kwenye ramani, na mtu usiyemjua anakuja kulisaka. Ukitoa kitu ndani yake, uache kingine. Vya kuanzia aliviomba kwa mdogo wake: vifungo vya rangi kali, "vile ambavyo wateja wako wenye haya hawavitaki."

Fundi alikaa nyuma. Tangu mazishi, kiti cha mbele hakikukaliwa na mtu. Kilikuwa bado kimesogezwa karibu na dashibodi, kwa ajili ya miguu mifupi ya Kiguu.

Kopo la kwanza lilikuwa nyuma ya jiwe la maili, la pili chini ya daraja. Kila mara simu iliwasimamisha juu ya lami, na kila mara shemeji alicheka kidogo.

"Mvivu yule! Anaweka alama akiwa amekaa kitini, ndipo anashuka kwenda kuficha. Mtu akifuata ramani atagongwa na lori."

"Usimseme dada yangu."

"Namsema mke wangu."

Kisha alikwenda kushoto moja kwa moja, akainama, akarudi na kopo. Fundi aliyapakata yote mawili. Gari lilipoingia shimoni, vifungo vilicheza ndani kama vilivyoamshwa usingizini, naye akayakumbatia ili vitulie.

La mwisho lilikuwa kwenye kona. Hapo shemeji hakwenda kushoto. Alipiga magoti pale pale simu ilipoonyesha, ukingoni mwa lami, akaanza kufukua kokoto kwa vidole. Alifukua hadi shati likamganda mgongoni.

"Halipo," alisema. "Wameliiba. Turudi."

Fundi hakuwa mtu wa kubishana. Hata wateja wakorofi aliwajibu kwa kuinamisha kichwa. Lakini alifungua mlango wa mbele, akakaa kwenye kiti cha dada yake. Magoti yalibana dashibodi. Akatazama dirishani, alikotazama Kiguu: nguzo ya umeme, na chini yake mawe yaliyopangana vizuri mno. Mawe hayajipangi.

"Liko pale, shemeji."

Shemeji alirudia kufukua kokoto.

"Siku zote dereva alikuwa wewe. Ulijua."

Shemeji alisimama, kokoto zimemnasa magotini. Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamshinda.

"Tingatinga zitalifukia," fundi alisema taratibu. "Si ndicho kilichotuleta?"

"Ndicho."

"Basi nenda kalichukue."

Shemeji aliegemea mlango, akaweka kiganja juu ya kioo, mahali Kiguu alipozoea kuegemeza kichwa safarini.

"Sitaki tulipate," alisema. "Yote mengine nimeweza. Nikilitoa hilo, shemeji, ndipo nitakuwa nimemzika kweli."