Vitu Visivyo Soya

Jumanne ya pili ya mwezi Machi, saa nne kasoro asubuhi, Lindalva Serejo alishusha bambo, bomba la mashine la kuchotea sampuli, kwenye lori la tisa, likamgonga mama yake begani.

"Taratibu, wewe," mama akasema kutoka ndani ya soya. "Hilo ni bega la mtu, si gunia."

Lindalva akazima mashine. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini, akipima ubora wa nafaka pale bandarini São Luís, na bambo lilikwisha kumletea mengi: mawe, nyoka, kiatu cha mtoto, na mwaka juzi padri mzima kutoka upande wa Pará, aliyewabariki watu wote wa zamu kabla ya kupakiwa melini. Utaratibu ulijulikana. Lori huchomwa bambo sehemu kumi, sampuli huchanganywa, huchekechwa na kupimwa. Kila kisicho punje ya soya huandikwa kwenye mstari mmoja wa fomu, vitu visivyo soya, iwe ni makapi, iwe ni padri. Visipozidi asilimia moja lori linapita. Vikizidi linarudishwa lilikotoka. Wauzaji wa Brazil walikubali hivyo, wanunuzi wa China wakakubali hivyo, mihuri ikagongwa pande zote mbili.

Alishuka ngazi, akapanda ubavuni mwa lori, akafunua turubai. Mama yake, Dona Eudóxia, alikuwa amekaa ndani ya soya hadi kifuani, kitambaa kichwani kimefungwa vilevile walivyomfunga siku ya maziko, miaka ishirini na miwili iliyopita. Alikuwa amekauka vizuri. Lindalva alimgusisha kipima unyevu mkononi, kwa mazoea tu, kikasoma kumi na tatu. Mwisho unaoruhusiwa ni kumi na nne.

"Umenenepa," mama akasema.

"Nimezaa, mama. Wawili."

"Nilisikia. Mbona hukuwaleta niwaone?"

Pa kuwaleta hapakuwepo tena.

Kijiji chao kiliitwa Cocal de Luzia, na ardhi yake ilikuwa mali ya Mtakatifu Luzia. Msidhani ni maneno ya kanisani tu. Ilikuwa yake kweli. Aliachiwa na bibi mmoja tajiri aliyekufa bila mtoto, na watu waliokuwa watumwa wa bibi huyo wakabaki kumtunzia, wakivunja kokwa za babasu, mnazi wa mwituni, na kulima mihogo, wao na wajukuu wa wajukuu wao. Mpima ardhi alipokuja kuuliza mwenyewe ni nani, wakampa kahawa na kumwambia ukweli: ni ya Luzia. Yuko wapi? Yuko kanisani, wakasema, ila hatoki mpaka Desemba, siku ya maandamano yake. Watu wengine wowote wangesema ni yetu. Wao waliona haya kumnyang'anya mtakatifu mali yake mbele ya mgeni. Mpima akaandika kwamba mmiliki ni Luzia, ukoo haujulikani, haonekani. Mahakama ikamwita Luzia gazetini mara tatu, hakutokea. Basi ardhi ikatangazwa haina mwenyewe, na mara ikapata mwenyewe. Matrekta mawili yakaja yamefungwa mnyororo mmoja, yakafagia minazi ya babasu, kanisa na makaburi kwa siku nne. Mvua ziliponyesha ikapandwa soya, na soya hiyo iliuzwa China kabla haijaota.

"Tuko wengi," mama akasema. "Mashine ya kuvuna ilitukomba. Zeferino yuko lori la nyuma na wanawe. Dona Custódia simwoni, ila namsikia akikohoa. Tunapelekwa wapi?"

"China, mama. Siku arobaini majini."

Dona Eudóxia alichezea punje vidoleni.

"Sitaki," akasema. "Baba yako alizikwa chini zaidi, mashine haikumfikia. Amebaki peke yake, na unamjua, yule hajawahi kulala peke yake tangu nimwoe."

"Ni yeye aliyekuoa, mama."

"Ndivyo alivyowaambieni. Nirudishe, Lindalva."

Kumtoa kwa mkono kusingewezekana. Langoni kulikuwa na walinzi wawili waliompekua kila mfanyakazi, na mwaka uliopita mtu alifukuzwa kazi kwa kiganja kimoja cha soya mfukoni. Njia ilikuwa moja tu, nayo, alimwambia mama, ilikuwa halali kabisa: lori likataliwe. Lindalva alimwinua mama yake kwapani, akampima kwenye mizani ya ndoo. Kilo nane. Lori lilibeba tani thelathini na saba, na asilimia moja yake ni kilo mia tatu na sabini. Mama peke yake asingefua dafu. Lakini kijiji kizima kingeweza.

Akaandika kwenye karatasi ya lori kwamba sampuli haijakamilika, lisubiri hadi alasiri. Kisha akamfuata dereva, Valdecir, mtu wa kusini, aliyekuwa akikaanga mayai kivulini mwa gurudumu. Akamweleza.

"Dada yangu, unataka nirudi kilomita mia nane na mzigo mgongoni?"

"Ndiyo."

"Kwa raha ya nani?"

"Kwa raha yangu," Dona Eudóxia akasema kutoka juu. "Njia nzima nimekusikiliza ukilia kwamba mkeo amekukimbia. Na mimi ningekuwa mkeo ningekimbia. Lakini nilikusikiliza."

Valdecir akageuza mayai. "Hajanyamaza huyu tangu tutoke Balsas," akamwambia Lindalva. "Haya, wapandisheni. Ila wasinichafulie turubai."

Saa ya chakula cha mchana Lindalva alipita kwenye foleni ya malori akiita majina aliyoyakumbuka, na yale asiyoyakumbuka mama yake alimpigia kelele kutoka nyuma. Walishuka mmojammoja, wakikung'uta punje kwenye mikunjo ya nguo. Wanawake wengine walikuwa na vishoka vyao vya kuvunjia babasu, maana walizikwa navyo. Madereva wa malori mengine waliwasogezea ngazi. Mzee mmoja, ambaye Lindalva hakumjua, alisema yeye alikufa akiwa bado mtumwa, akauliza kama naye ni wa kijijini. Wakamwambia panda. Ilipofika saa tisa walikuwa hamsini na sita, wamebanana ndani ya soya, wakigombana nani kamkanyaga nani.

Lindalva akashusha bambo sehemu kumi, na kila sehemu kulikuwa na aliyesema nipo hapa. Akachekecha, akapima. Moja nukta mbili. Akagonga muhuri mwekundu wa kukataa. Alifurahi. Nisiseme uongo, alifurahi hadi machozi, na kule juu wakaanza kuimba wimbo wa Luzia, kila mtu kwa sauti yake.

Msimamizi, Seu Gilvan, alikuja na fomu mkononi. Alikuwa mtu mpole mwenye vidonda vya tumbo, na hakuna aliyewahi kumsikia akigomba.

"Dona Lindalva, moja nukta mbili?"

"Moja nukta mbili, Seu Gilvan. Linarudi."

Gilvan akapanda, akachungulia, akavua kofia yake ya kazi, akawaamkia wazee. Wakaitikia. Akashuka.

"Lori la kumi lina ngapi?"

"Sifuri nukta tatu."

"Basi changanyeni."

Nao walichanganya kila siku, si kwamba alizua jambo jipya. Mkataba unasema asilimia moja ya shehena ya meli, hausemi ya lori. Mzigo mchafu humwagwa pamoja na mzigo safi, na uchafu hupungua bila kitu kuondolewa. Kwa miaka kumi na mmoja Lindalva mwenyewe alikuwa amechanganya mawe, makapi na watu wa vijiji vingine, na siku hiyo, kwa furaha, hakulikumbuka hilo hata kidogo.

"Seu Gilvan, mle yumo mama yangu."

"Nimemwona. Mmefanana mdomo." Gilvan akavaa kofia. "Wangu alipita mwaka jana na soya ya Tocantins. Nilimwandika mwenyewe."

Malori mawili yakapandishwa kwenye majukwaa ya kumwagia na kuinuliwa pua juu. Wimbo ulikatika. Wazee walitangulia, kisha waliobeba wachanga. Dona Eudóxia aliushika ubao wa lori kwa mikono miwili.

"Lindalva. Ulisema njia ni halali."

"Ilikuwa halali, mama. Na hii pia ni halali."

Ubao ulikuwa laini kwa kusuguliwa na nafaka, na kilo nane si uzito wa kushikilia kitu. Akateleza, na soya ya lori la kumi ikamfunika. Lindalva alisimama pale akilia, muhuri mkononi, mpaka Gilvan alipomwambia kwa upole kwamba sampuli ya pili inasubiriwa. Akapima. Sifuri nukta saba tano. Aliirudia mara tatu, ikatoka hiyohiyo. Namba ilikuwa ya kweli, na yeye hakuwa mtu wa kuandika uongo, akaiandika, akatia sahihi.

Valdecir alirudi na lori tupu. Baada ya siku tano alipiga simu kusema amefika Cocal, pamekwisha kupandwa mahindi, na amemwita mzee, baba yake Lindalva, kwa jina mpaka walinzi wa shamba wakamfukuza. Mzee hakuitika.

Majibu ya China yalifika mwezi Mei. Mpimaji wa kule, mwanamke aitwaye Qiu Meizhen, naye alipata sifuri nukta saba tano, na wakubwa wa pande zote mbili wakaandikiana barua za kupongezana kwa usahihi. Chini ya fomu Meizhen aliongeza mistari kwa mkono, na wakala wa meli akaitafsiri. Bibi mmoja, Meizhen aliandika, aliniuliza meli zinazorudi kwenu hubeba nini. Nilimwambia matrekta. Alisema basi atapanda hata trekta, nimwonyeshe gati. Nilimwomba asubiri nimalize zamu. Niliporudi shehena ilikuwa imekwisha kusagwa kuwa chakula cha nguruwe. Naomba radhi.

Lindalva aliikunja karatasi, akamuuliza wakala jina la Meizhen linatamkwaje, akarudi kazini.

Bado yupo hapo. Msimu huu malori ni mengi kuliko msimu uliopita, kwa kuwa upande wa pili wa mto kumepatikana ardhi nyingine isiyo na mwenyewe. Siku hizi, kabla ya kushusha bambo, hugonga ubavuni mwa lori na kupiga hodi. Wakiitika huwauliza majina, huwaomba wasogee kidogo, kisha huchekecha, hupima, huandika anachokiona, na lori hupita.