Kesi ya Mti Mkavu

Mume wangu Xaveri hakuniamini. Nataka hilo lijulikane kabla ya mengine yote. Miaka yote hii ya ndoa tunalala kitanda kimoja, lakini alipotaka kuhakikisha nacheza na nani kwenye simu, aliona afadhali apande gari kutoka Makambako mpaka Njombe akanishitaki kwa wasimamizi wetu wa ndoa. Ningekuwa nimeiba ng'ombe angalau wangenitumia mgambo.

Wasimamizi wetu ni Mzee Hilari, katekista, na mkewe Mama Jenifer. Wanakaa Mjimwema. Ndio waliosimama nyuma yetu altareni, na kwetu Wakatoliki mtu aliyekusimamia anaweza kukuita na kukuhoji mpaka mmoja wenu azikwe. Xaveri husahau kununua sukari, husahau ada, husahau siku niliyozaliwa. Haki hiyo hakuisahau.

Shitaka lilikuwa hili: kwamba mimi Oliva, mwenye duka la pembejeo, mama wa watoto wawili, nina mwanaume. Mwanaume huyo yumo ndani ya mchezo wa drafti kwenye simu yangu, anajiita Mti Mkavu, na kila siku tunacheza na kuandikiana. Xaveri alisoma ujumbe nikiwa naoga. Mmoja ulinisalimia kwa Kibena, "Kamwene. Nimekusubiri tangu asubuhi." Mwingine ulisema, "Usimwambie mtu." Kikao kikiamua ni kweli, ningerudishwa kwetu Ludewa na watoto wangebaki kwake. Aliyasema hayo barabarani, mikono kwenye usukani, macho mbele, kama anavyomtajia mteja bei ya mbao.

Niliyapokea kimya. Nilikuwa na sababu. Mti Mkavu namjua, na siku ile tulikuwa tunakwenda nyumbani kwake.

Mti Mkavu ni Mama Jenifer.

Tulianza mwaka jana, parokiani, tukimenya viazi vya sikukuu. Nilikuwa nimepumzika kidogo nikafungua drafti, akasimama nyuma yangu na kisu mkononi. "Hapo umejichimbia kaburi," akasema. Nikadhani anatania. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaichukua simu, akala kete mbili na kuingia kingi kabla sijaelewa amepitia wapi. Kumbe alijifunza utotoni kule Yakobi, akicheza na kaka zake kwa vifuniko vya soda. Alipoolewa akaacha. Mwanamke gani atakaa kijiweni na wanaume kucheza drafti, tena mke wa katekista? Nikamwekea mchezo kwenye simu yake. Akanishika mkono: "Mzee asijue." Mzee Hilari kila Jumapili wakati wa matangazo huisema michezo ya simu utadhani imemuulia mtu. Nikaahidi.

Kwa hiyo Xaveri aliponikaba mwezi uliopita nilimwambia ni mwanamke, mtu mzima, aache ujinga. Akataka jina. Nikasema ahadi ni ahadi. Tangu siku hiyo alinipa mgongo kitandani, na siku moja aliniita malaya mbele ya birika la chai, watoto wakiwa chumba cha pili. Nilivumilia. Nilijiambia kwamba likifika Mjimwema, Mama Jenifer mwenyewe atalimaliza kwa neno moja. Hilo ndilo nililoshikilia njia nzima.

Ilikuwa Jumapili mchana, baridi ile ya Juni inayoingia mpaka kwenye meno. Waliweka jiko la mkaa katikati ya sebule tukalizunguka. Xaveri alieleza shitaka lake vizuri sana. Sikujua ana maneno mengi hivyo. Mama Jenifer alikuwa anapanga vikombe. Hakuinua macho.

"Tuanzie mwanzo," alisema Mzee Hilari. "Hiyo michezo ni nini hasa? Nasikia mingine inaita mapepo."

"Ingekuwa inaita mapepo ningeiheshimu, Mzee," nikamjibu. "Ni ya kipumbavu tu."

"Sasa kwa nini unaicheza?"

"Acha nikueleze."

Nikamweleza. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira sifupishi.

Nilianza na wa matunda. Unapanga machungwa matatu kwenye mstari yanapasuka, halafu sauti ya mtu asiyekujua inakusifia, hongera, umefanya vizuri mno. Nyumbani kwangu sikumbuki lini mtu amenisifia hata kwa chapati, halafu nisifiwe na machungwa. Ukishindwa mara kadhaa unafungiwa, unaambiwa usubiri au uombe marafiki wakuchangie uhai. Nimechangia harusi, nimechangia misiba, nimechangia bati za kanisa la kigango. Kuchangia uhai wa machungwa nilikataa.

Ukafuata wa shamba, na huo ulinichefua kuliko yote. Unapanda viazi, na kabla chai haijapoa vimeiva. Hakuna baridi ya kuunguza majani. Hakuna ukungu. Mimi nauza dawa za ukungu, nimeona wanaume wazima wakilia juu ya kaunta yangu kwa sababu shamba limeoza kwa wiki moja, halafu mtu ananiletea shamba ambalo kuku wanacheka. Mnunuzi anakuja na tabasamu, anachukua gunia lake na kusema asante.

"Gunia la namna gani?" Mzee Hilari aliuliza. Yeye hulima viazi.

"La kawaida. Limeshonwa mdomoni."

"Hakuna lumbesa? Hawalijazi mpaka livimbe kichwa, halafu wakulipe bei ya gunia moja?"

"Hakuna, Mzee."

Alitikisa kichwa. "Hao ni waongo," akasema, na kwa muda kidogo tulikuwa upande mmoja.

Nikamwambia wa vita. Unashuka na parachuti, hujajua hata mlango wa nyumba uko wapi, umeshakufa. Aliyekuua anacheza ngoma juu ya maiti yako. Nilicheza mara moja, nikaona matusi ya bure nayapata tayari nyumbani.

Halafu wa malori. Huo niliuchukua kwa sababu Xaveri yuko barabarani siku zote na mbao zake, akirudi hasemi kitu, nikataka kujua huko anaona nini. Nikaona milima, miti, na milima tena. Lori likipinduka linajiinua lenyewe na safari inaendelea. Niliufuta siku ileile. Baba yangu mdogo alipinduka njia ya Ludewa, na hakuna kilichomwinua.

Xaveri alikuwa anaangalia mkaa. "Hukuniambia ulikuwa unanitafuta kwenye malori," akasema.

"Uliniuliza?"

Halafu akakumbuka yuko pale kwa ajili ya nini. "Na drafti? Mbona unazunguka? Sema ya drafti."

"Drafti nayo mbaya. Ubao una rangi ya uji ulioungua. Kila ukimaliza linaingia tangazo la dawa ya kupunguza tumbo, na tumbo langu sijamlalamikia mtu. Lakini upande wa pili kuna binadamu. Nikicheza ovyo anaona. Anakasirika, ananiambia nirudie. Hakuna anayekaa akanifikiria kwa dakika mbili nzima humu duniani, isipokuwa huyo."

"Huyo nani?" aliuliza Mzee Hilari.

Nikamwangalia Mama Jenifer. Alikuwa anamimina chai. Aliijaza mpaka ikafika ukingoni, akaanza kikombe kingine.

"Nilitoa ahadi, Mzee."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

"Na ile ya altareni ulitoa kwa nani?"

Hapo alinipata, sikatai. Mzee Hilari akamgeukia Xaveri, akamwekea mkono begani. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," akamwambia kwa huruma kubwa, na mkewe akiwa amekaa ubavuni kwake, kitenge chake kikigusa suruali yake. Laiti ningeweza kucheka.

Kisha akatoa uamuzi. Kesho yake Xaveri angenipeleka Ludewa kwa wazazi wangu. Ningekaa huko mpaka jina litoke. Watoto wasihamishwe shule.

Niliwaza watoto wangu wakitoka shule wanakuta mlango umefungwa na mimi sipo.

"Mama Jenifer," alisema Mzee, "wewe ni mwanamke mwenzake. Mpe neno."

Nikashusha pumzi. Nikajua ndipo hapo.

Alikaa vizuri, akajifunga kitenge. "Mwanangu Oliva," alisema, macho kwenye birika, "mwanamke hatunzi siri nje ya nyumba yake. Hiyo simu imekuharibu. Ifute hiyo michezo, umwombe mumeo msamaha, uende kwenu ukatulie."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nilisubiri aongeze kitu, hata kikohozi. Hakuongeza. Mwezi mzima nimeitwa majina nyumbani kwangu kwa ajili ya huyu mama, nimelala ukutani kwa ajili yake, sasa ananikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, tena polepole, kwa sauti ya kanisani. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye wakati ule.

"Umemaliza, Mama?"

"Nimemaliza, mwanangu."

Nikatoa simu, nikafungua drafti, nikaiweka mezani mbele yake. "Basi cheza. Zamu ni yako tangu Ijumaa."

Mungu ananiona, yule mama aliangalia ubao kwanza. Macho yake yalikwenda kwenye kete, yakahesabu, ndipo yakaenda kwa mumewe.

"Zamu gani?" alisema Mzee Hilari. "Mama Jenifer, zamu gani?"

Angeweza kukana. Nilimwona anavyolipima. Angesema huyu mtoto amechanganyikiwa, na pale sebuleni nani angeniamini mimi? Aliisukuma simu pembeni, akakunja mikono.

"Baba Jenifer, Mti Mkavu ni mimi."

Xaveri alitamka jina la Mungu kwa sauti ndogo. Mzee Hilari alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akarudi kwa mkewe. "Wewe unacheza na simu?"

"Nacheza drafti."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na mtoto wa watu alikuwa anapelekwa Ludewa, na wewe unamwambia akatulie?"

"Nilikuogopa," alisema Mama Jenifer. "Nimekuogopa muda mrefu, nimeshazoea, sikujua hata kwamba ndiyo hofu. Watoto walipoondoka uliacha kuongea na mimi. Unauliza chakula, unasema tusali, basi. Nikikwambia nimeota nini, unafungua kitabu. Mgeni akija unakuwa mcheshi, akitoka unanyamaza. Huyu nikikosea ananiambia, Mama hapo umekosea. Nilipata mtu wa kunijibu."

"Na hilo jina. Ndilo jina la kujipa?"

"Ndivyo nilivyo humu ndani."

Hakulia. Afadhali angelia, tungejua la kufanya. Mimi sikumhurumia, nasema ukweli. Hasira yangu ilikuwa bado ya moto, na aliyoniambia dakika chache nyuma yalikuwa bado masikioni. Lakini nilimtazama Xaveri, nikaona naye ananitazama, na nikajua kila neno la yule mama limepita sebule nzima likaingia kwetu pia. Yeye ndiye aliyekwepesha macho kwanza.

Akasimama, akapapasa funguo za gari. "Twende, Oliva. Tutaongea nyumbani." Msamaha hakuomba. Alivyosema, ungedhani mimi ndiye niliyemchelewesha.

Mzee Hilari alimshika mkono wa sweta. "Usiondoke," alisema. Sauti ya matangazo ya kanisani ilikuwa imemtoka kabisa. "Waliotusimamia sisi walishakufa, wote wawili. Hatuna wa kumwita." Akanitazama mimi, na sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo, kama mtu anayeomba kitu. "Kaeni. Mtusikilize nyinyi."

Xaveri alibaki amesimama na funguo mkononi, kisha akakaa. Mimi nilivuta kiti changu, nikakiweka mbali na cha kwake, nikakaa.

"Haya, Mzee, tuanze," nikamwambia. "Ila leo usianze na sala."