Povu Kwenye Sinki

Msiniambie mimi mwepesi wa kinyaa. Nimekuwa mhudumu wa zahanati ya kiwanda cha sabuni miaka kumi na mmoja. Nimefuta matapishi ya watu wazima, nimefunga vidonda vinavyonuka, na sikuwahi kugeuza uso. Kilichonishinda ni sinki. Mpaka leo nikiona sinki jeupe lenye ufa, chakula hakipiti kooni.

Zahanati yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja meza ya daktari, upande wa pili kitanda, mizani, mashine ya presha na hilo sinki. Kila baada ya miezi sita wafanyakazi wote walipimwa presha na mkojo. Walileta makopo yameandikwa majina, wakayapanga dirishani, ya wanaume kushoto na ya wanawake kulia. Daktari aliketi katikati ya harufu hiyo akila mkate wake wa siagi. Makombo yakidondoka kwenye fomu za watu, anayazoa kwa kidole, anakilamba, kisha kwa kidole hichohicho anafunua ukurasa. Nilikuwa natazama ukutani.

Wiki yangu ya kwanza alinipa agizo moja. "Ya wanaume, chovya kijiti cha kupimia, soma rangi, andika. Ya wanawake, mwaga, andika kawaida."

Nikamuuliza kwa nini. Hakuacha kutafuna. "Presha inakula figo za wanaume. Wanawake wamekingwa na maumbile. Halafu mkojo wao unaingiwa na damu ya mwezi, kijiti kinasema uongo. Unataka tumalize vijiti kwa kupima uongo?"

"Sasa makopo wanaleta ya nini?"

"Fomu ina kisanduku. Kisanduku hakiachwi wazi."

Nilijiambia msomi kasema, mimi nani. Nikawa namwaga, kopo baada ya kopo, huku naandika kawaida, kawaida, kawaida, kwa mwandiko wangu mzuri ambao mwalimu wangu aliusifu. Mara nyingine povu lilibaki sinkini halitaki kushuka. Daktari akilichungulia anacheka. "Wanawake wa hapa hata mkojo wao una sabuni." Nami nilicheka naye, Mungu anisamehe. Kiwandani kwetu povu lilikuwa kila mahali, kwenye mifereji, kwenye viatu, kwenye kucha. Nani angeshangaa povu?

Miaka mitatu iliyopita wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliajiriwa kitengo cha kufungasha. Mimi na yeye hatukuwahi kuongea bila kutaniana. Hata msibani tulitaniana, watu wakatukata jicho.

"Wifi, leo nimekujazia kopo mpaka juu," anasema dirishani. "Usije ukanitangaza mchoyo."

"Uchoyo wako unajulikana. Kaka yangu alikuja kwako na mashavu, yako wapi?"

"Yamehamia kwangu. Huoni nilivyovimba?"

Alikuwa amevimba kweli. Mwanzoni kope, asubuhi tu. Baadaye miguu, akawa anavaa viatu kwa kukanyaga visigino. Presha yake nilikuwa naipima mwenyewe, na kila mara ilikuwa imepanda ngazi. Mara ya mwisho mashine ilisoma mia na sabini kwa mia na tano. Nikampelekea daktari karatasi.

"Wasiwasi huo," akasema. "Apunguze chumvi na umbea." Akampa vidonge vya kutuliza mawazo, akarudia mkate wake.

Wifi ana miaka hamsini na miwili. Hedhi yake ilikoma miaka mitano nyuma. Nalijua hilo kwa sababu siku ile alinipigia simu kunitangazia kwamba amestaafu, anasubiri kiinua mgongo. Hiyo damu ya mwezi iliyokuwa inamtisha daktari haikuwepo. Hakumuuliza hata siku moja. Na mimi niliyejua sikusema, maana nilishazoea kumwaga, na mkono uliozoea hauulizi.

Siku ya makopo iliyofuata maji yalikatika tangu alfajiri. Sinki lilikuwa kavu kabisa, sikuwa nimelisugua, sabuni haikuwa imeligusa. Nikachukua kopo la wifi, nikamwaga. Povu likasimama. Jeupe, zito, limeng'ang'ania ule ufa. Nikasubiri lizame. Nikamwaga kopo la jirani yake, likateremka safi bila povu. Nikarudi kutazama la wifi, bado lipo.

Kilichonitia kichefuchefu si mkojo, ni kwamba nililitambua. Povu lilelile nilikuwa nimeliona mara tano kabla, sehemu ileile, na mara tano nililisukuma kwa maji na kuendelea.

Kwenye kitako cha kopo la wifi kulibaki tone. Nikachukua kijiti kwenye boksi la wanaume, nikachovya. Rangi ikapita njano, ikapita kijani hafifu, ikatulia kwenye kijani kilichoiva, cha mwisho kabisa kwenye karatasi ya kulinganishia. Protini inavuja kwenye figo, ndiyo iliyokuwa inaleta povu. Nikampelekea daktari kijiti.

Akakitazama, akanitazama. "Umeharibu kijiti."

Hayo tu. Na pembeni ya mdomo wake siagi inang'aa.

Nikavua aproni, nikaiweka juu ya mkate wake, nikaenda kumtoa wifi kwenye mashine ya kufungashia. Aliniuliza nani kafa. Nikamwambia twende hospitali kubwa, akadhani namtania, akaja akicheka, anasimama kila hatua ishirini kuvuta pumzi.

Daktari wa kule alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyekula kazini. Alipima damu, akapima mkojo, akamweka wifi kwenye mashine ya picha. Kisha akatuketisha wote wawili.

"Mama, figo zako zimebaki na chini ya robo ya nguvu zake," akasema. "Presha imezichakaza. Sehemu zilizokufa hazirudi. Tutazilinda hizi zilizobaki, lakini ujiandae, huenda mashine ya kusafisha damu haiko mbali."

Wifi akanishika mkono.

"Lakini si wanawake wamekingwa?" nikauliza. Sijui nilikuwa nataka nini, labda pa kujificha.

"Mwanamke kijana ana nafuu kidogo kuliko mwanamume, ndiyo. Hedhi ikikoma nafuu hiyo inaondoka. Na hata ikiwepo, si sababu ya kutompima mtu." Akamgeukia wifi. "Hili halikuanza mwaka huu. Tungeliona miaka mitatu nyuma, dawa zingetosha. Hakuna mahali ulipopimwa mkojo?"

Wifi akanyanyua kichwa. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kadi ya zahanati, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nimepimwa, daktari. Sijakosa hata mara moja. Huyu hapa wifi yangu ndiye anayenipima, kwa mikono yake mwenyewe. Asingekuwa yeye hata hapa nisingefika."

Yule mama akaifungua kadi. Mistari mitano, kawaida, kawaida, kawaida, kawaida, kawaida, herufi zimelala vizuri kwenye mstari. Akaisoma mpaka chini, akainua macho kwangu, akangoja. Nilisikia harufu ya lile sinki kana kwamba lipo mle chumbani, na safari hii ilikuwa inatoka kwangu.

"Wifi," nikasema, "sijawahi kukupima mkojo. Nilikuwa namwaga."

Akacheka. Akanipiga kofi begani, akamwambia daktari, "Msamehe huyu, kila siku ni utani tu."

Ikabidi nimwambie mara ya pili.