Siku Moja ya Otilia

Wakili Tudose hakuwa mtu wa maneno mengi kwenye simu. "Matusi uyaache nyumbani," alisema. Kesho saa nne Mirabela alete cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na karatasi moja aliyoiandika mwenyewe: siku ya kawaida ya mtoto, tangu anapoamka hadi anapolala, na nani anamfanyia nini. Chini kabisa aandike anachotaka.

Mirabela alianzia chini, maana huko ndiko kulikokuwa rahisi. Nataka Otilia aishi nami Torino. Miaka minne alikuwa huko Italia akimlisha na kumwogesha bibi kizee wa watu, huku mumewe Nelu amebaki hapa Vaslui na binti yao. Otilia sasa ana miaka tisa. Pasaka hii, aliporudi likizo, mke na mume walikubaliana kwamba ndoa imekwisha. Kuhusu mtoto hawakukubaliana lolote.

Mama yake, Aurica, alikuwa mezani akikunja wali na nyama katika majani ya kabichi, na kinywa chake hakikupumzika.

"Andika anaamka saa moja. Anakunywa maziwa."

"Una hakika ni maziwa, mama?"

"Mtoto gani hanywi maziwa? Halafu anakwenda shule peke yake kama yatima, baba mtu kalala, kalewa."

"Nelu halewi."

"Kwani wakili anamjua?"

Mirabela aliandika maziwa, akakwama hapo hapo. Aliona aibu. Ratiba ya dawa za yule bibi wa Torino aliijua kwa moyo.

Ndipo akaingia Varvara bila kubisha. Ndiye aliyewasimamia ndoa, akawashikia mshumaa kanisani, kisha akamsimamia Otilia ubatizo. Kwa watu wa huko, nyumba ikiingia ufa msimamizi huambiwa kwanza, kabla ya padri na kabla ya hakimu. Mirabela alimruka kwa kuona haya, na Varvara akazipata habari kwenye foleni ya mkate.

"Kumbe nimekufa na sijaambiwa!" alifoka. "Wakili amejua, muuza mkate amejua, mimi nani?"

"Nisamehe, mama Varvara. Sikujua nianzie wapi."

"Kaa, Varvara," Aurica akadakia. "Umekuja wakati mzuri, tunataka shahidi. Utasema mtoto ametelekezwa."

"Ushahidi nitatoa. Ila sikilizeni kwanza nitasema nini." Varvara alivuta kiti. "Otilia hanywi maziwa, yanamchafua tumbo. Anaamka saa kumi na mbili na nusu kwa sababu Nelu anamsuka nywele, na Nelu ana mikono ya fundi bomba, hawezi haraka. Anampeleka shule. Jioni wanafanya hesabu, wanagombana. Akiumwa anamwita baba. Hayo nimeyaona kwa macho yangu."

"Wewe uko upande wa nani?" Aurica aliuliza.

"Wa mtoto niliyemsimamia ubatizo. Kuzaa si kazi, kazi kulea."

Neno hilo lilimkata Mirabela maini. Alitaka kusema kwamba hata huko alikokuwa alikuwa analea, kwamba viatu vya mtoto na paa la nyumba vilitoka mgongoni mwake, na ilikuwa kweli. Lakini karatasi haikuuliza hayo. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akachukua karatasi nyingine.

"Anza tena," alimwambia Varvara. "Polepole. Anakunywa nini?"

Waliandika mpaka kabichi ikaiva. Jina la Nelu lilijaa ukurasa mzima. La Mirabela lilitokea mara moja, Jumapili, kwenye simu. Alipofika chini aliandika: Nikirudi kuishi hapa, nitapewa siku ngapi za kukaa na Otilia?

Aurica aliisoma akichungulia begani kwake. "Urudi? Utakula nini hapa, mwanangu?"

"Sijui, mama," alisema Mirabela. "Lakini nywele nitajifunza kumsuka."