Akili Imepanda

Kwetu huambiwi karibu chakula mpaka umepimwa presha. Kipimo chenyewe kinakaa kwenye kabati la vyombo, kati ya bakuli la sukari na vikombe vya wageni, na mama ndiye mwenye mamlaka nacho. Unafika, unavua viatu, unakunja mkono wa shati, mama anakufunga kile kitambaa, kinavimba, kinatoa pumzi, namba zinatokea, naye anatoa hukumu. Ikiwa imekaa vizuri, unapewa sahani. Ikiwa imepanda, unapewa sahani vilevile, ila haina chumvi, na nyama yako inahamia sahani ya jirani yako mezani. Siku moja alikuja msoma mita wa maji kwa shughuli zake, akaondoka ameshapimwa, ameshagombezwa, na nusu limau mkononi.

Hatumlaumu. Marehemu baba alikuwa mtu wa "mimi sijambo, haiumi," na siku presha ilipomwangusha alikuwa amesimama kwenye meza yake ya pasi, koti la mteja mkononi. Tangu hapo mama haamini "sijambo" ya mtu yeyote. Anaamini namba, na kwake namba zina sheria moja tu: inayopanda ni mbaya. Presha ikipanda ni mbaya, sukari ikipanda ni mbaya, homa ikipanda ni mbaya.

Baba alituachia duka la dobi. Mama ameliendesha miaka yote hii, na funguo zake hazimtoki shingoni. Anazivaa kwenye kamba nyeusi, anaoga nazo, analala nazo. Lakini magoti yamemchoka, na mwezi uliopita alitutangazia kwamba anastaafu na kwamba funguo zitakwenda kwa mmoja wetu: mimi au kaka yangu.

Mimi nimo dukani tangu nimalize shule. Naipenda ile kazi, na sioni haya kusema. Napenda harufu ya wanga wa moto, napenda shati linalokuja limekunjamana na kuondoka limenyooka. Kaka yangu tunamwita Mkurugenzi. Hajawahi kuwa mkurugenzi wa chochote. Alikuwa ofisi ya bima mpaka ofisi ikapunguza watu, naye akapunguzwa. Jina alilipata dukani kwetu, kwa jinsi anavyofunga mikono nyuma na kutazama wenzake wakifanya kazi. Mipango yake nilikuwa naijua, maana alikuwa haifichi. Meza ya baba itolewe. Masufuria ya wanga yatolewe. Zipangwe mashine, wateja wajifulie wenyewe, yeye akae nyuma ya kioo na kompyuta.

"Na mimi?" nilimuuliza.

"Wewe tutakuweka mapokezi, mdogo wangu. Una tabasamu zuri."

Nikamtolea hilo tabasamu, meno yote nje, mpaka mwenyewe akageuka pembeni.

Ijumaa moja akaingia dukani na simu mkononi, uso unang'aa. Amepata jaribio la kupima akili. Amelifanya, amepata mia moja arobaini na moja, na sasa anataka kila mtu alifanye, ili, kwa maneno yake, duka liendeshwe kisayansi. Tulikuwa na rundo la mashuka ya nyumba ya wageni linatusubiri, lakini nani atakataa kujua ana akili kiasi gani?

Mpiga pasi wetu, tunayemwita Mvuke, alianza kwa kudai kwamba vipimo vya kwenye simu ni vya kudanganyia watoto. Akalifanya, akapata mia moja ishirini na nne, na kuanzia dakika hiyo akawa mtetezi mkubwa wa sayansi. "Kitu kama hiki hakikutungwa na mtu mmoja," alikuwa akifafanua. "Wamekaa watu chini, wakafikiri." Alifafanua mpaka tukasikia harufu ya kuungua. Kola ya mteja ilikuwa imeshageuka rangi ya chai.

Mimi nilijibu kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mkono wa koti. Nikapata themanini na sita.

Kaka alinishika bega kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma zaidi. "Si kosa lako," akasema. "Mtu anazaliwa nayo."

"Kinapima nini hasa hiki?"

"Akili."

"Akili ya nini?"

"Akili tu. Kwa jumla."

"Karibu maswali yote ni ya pembetatu," nikamwambia. "Pembetatu hii ikigeuzwa itakaaje. Kaka, tangu nizaliwe sijaona pembetatu ikiingia hapa imeleta suruali yenye doa."

"Mwenye akili ndogo lazima akilaumu kipimo," alisema Mvuke, akijaribu kuificha ile kola.

"Mwenye akili kubwa anaunguza nguo za watu!"

Tukacheka wote. Lakini niliumia, nisidanganye. Nilipoingia stoo kutafuta henga ya kutundikia koti nilijikuta nimesimama gizani, nageuza pembetatu kichwani, na kila nikiigeuza inakuwa pembetatu ileile. Nikawaza kwamba labda ni kweli, labda miaka yote mama alikuwa akinihurumia tu. Kisha nikajitukana, nikatoka na henga.

Jumapili tukakutana kwa mama kama kawaida: mimi, kaka na wifi yangu, mke wake. Tukapimwa presha, zote zikawa sawa, tukakaa mezani. Kulikuwa na kuku, viazi na mchuzi. Kaka hakungoja hata paja lake lipoe.

"Mama, juzi tulipimwa akili dukani."

Mama aliacha kupakua. Kwake, anayepimwa akili ni yule aliyekutwa barabarani anaongea na nguzo ya umeme. "Mmepimwa akili? Nani kawapeleka? Kuna aliyeanza kuvua nguo?"

"Hapana, mama. Ni kipimo cha kawaida. Cha kujua nani anayo kiasi gani."

"Na wewe unayo kiasi gani?"

Kaka alijiweka sawa kwenye kiti. "Mia moja arobaini na moja."

Mama aliweka mwiko chini polepole. "Kwa ngapi?"

"Kwa ngapi vipi?"

"Mia moja arobaini na moja kwa ngapi? Hiyo ni ya juu. Ya chini ni ngapi?"

Kaka akaangua kicheko, akaninyooshea kidole. "Ya chini ni ya huyu hapa. Themanini na sita!"

Mama hakucheka. Midomo yake ilicheza, anarudia zile namba kimoyomoyo. "Mia moja arobaini na moja kwa themanini na sita," akasema. Akanitazama mimi kwa shukrani. "Ya chini imekaa vizuri." Akamgeukia kaka, na macho yake yakabadilika. "Ya juu imepanda."

"Mama, hiyo si presha. Ni akili."

"Nimesikia. Akili imepanda."

Kaka akanigeukia. "Hebu mweleze."

Mama naye akanigeukia. "Imepanda au haikupanda?"

Nilikuwa na viazi mdomoni. Nilivitafuna vizuri, nikameza. "Imepanda, mama."

Nani atasema nilidanganya?

"Lakini kupanda kwake ni kuzuri!" Kaka alikuwa ameshaanza kupaza sauti, jambo lililozidi kumharibia. "Inavyozidi kupanda ndivyo mtu anavyokuwa bora!"

"Baba yako naye alisema hivyohivyo," mama alisema. "Alisema ndivyo mwili wake ulivyo. Alisema inampa nguvu."

Nyumbani kwetu baba akishatajwa hivyo, mjadala umekwisha. Paja la kuku likanyanyuliwa kutoka sahani ya kaka likawekwa kwenye yangu. Niliona huruma, kweli niliona. Na nililila.

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu kwa Mkurugenzi. Wifi, ambaye kwa miaka alikuwa amechoka kusikia mumewe ana akili kuliko watu wote wa mtaa, alishika maagizo ya mama kwa mikono miwili. Chumvi ikafichwa. Magazeti yenye mafumbo ya maneno yakafungiwa kabatini, maana mama alikuwa amesema asifikirie sana. Mama mwenyewe alikuwa akimpigia simu.

"Umefikiria leo?"

"Kidogo tu, mama."

"Punguza."

Kila alipojaribu kueleza kwamba akili si ugonjwa, mama alisikia mgonjwa anayekataa kuugua, na hao alikuwa anawafahamu. Akazidi kuogopa. Wifi alinisimulia haya yote dukani, anacheka mpaka anashika meza, mimi nacheka naye, Mvuke tu ndiye asiyecheka. Alikuwa na mia moja ishirini na nne yake, na alishaanza kuuliza kama hiyo nayo imo kwenye hatari.

Jumapili ilipofika, mama hakutoa kipimo cha presha. Alitandika kitambaa mezani, akaweka simu ya kaka katikati, akavua funguo shingoni na kuziweka kando yake. Sikumbuki kuziona zile funguo mahali pengine isipokuwa kifuani kwake.

"Utapimwa tena, mbele yangu," akamwambia kaka. "Wewe ni mkubwa, na nilikuwa nimepanga hizi zije kwako. Ikiwa imeshuka ikafika mia moja ishirini, chukua. Ikiwa haijashuka, mtu mgonjwa simtwishi mzigo."

Kumbe! Alikuwa amepanga ziende kwake. Miaka yote ile, mashuka yote yale, na ilikuwa imepangwa ziende kwa mtu asiyejua tofauti ya doa la kutu na doa la mchuzi. Na sasa kitu pekee alichotakiwa kufanya ni kukosea maswali. Kukosea! Mtoto mdogo anaweza.

Wifi aliliona hilo sekunde ileile. Alimwinamia mumewe sikioni, lakini wifi hajui kunong'ona. "Kosea tu, baba. Kosea upewe duka."

Kaka akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Akaanza. Swali la kwanza akagusa jibu, na kwa jinsi alivyokunja uso nikajua amekosea makusudi. La pili vilevile. Jasho lilimtoka, ungedhani anang'olewa jino. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwombea kaka yangu awe na akili.

Likaja swali jingine la pembetatu. Akalitazama. Kidole kikaenda kwenye jibu baya, kikasita, kikarudi.

"Hili wiki ile lilinishinda," akasema polepole.

"Kosea," wifi akasema.

"Subiri kwanza. Nimeliona! Haigeuki, inapinduliwa!" Akagusa jibu.

"Sasa yanayofuata kosea."

"Lakini haya ni rahisi!"

Basi. Hakuna aliyeweza kumrudisha. Aliinama juu ya simu, mabega yanatikisika, anayafyeka maswali, anajisifu kwa sauti ya chini. Yale mawili ya mwanzo akayarudia akayasahihisha, maana, alisema, yalikuwa yanamsumbua. Alipogusa la mwisho akaruka kutoka kwenye kiti na ngumi juu.

"Mia moja arobaini na nne! Imepanda! Imepanda tena!"

Kisha akaona mama anavyozitazama funguo. Mkono ukashuka taratibu. Wifi alikuwa amefunika uso kwa kitambaa cha meza, na sikuweza kujua analia au anacheka.

Mama alizichukua funguo, akanivisha mwenyewe. Zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nilifurahi, na hapohapo nikataka kulia, kwa sababu nilijua nimepewa kwa kuwa yangu iko chini.

"Wewe yako imetulia, mwanangu," akaniambia. "Itunze isipande."

Kesho yake nilifungua duka kwa mkono wangu. Nilifuta meza ya baba, nikawasha jiko la wanga, nikamwita Mvuke nikampa taulo tu za kunyoosha mpaka atakapopona sayansi. Mchana kaka akaja. Hakufunga mikono nyuma. Alivuta kiti, akakaa kwenye meza ninayotumia kula, akaweka kibakuli chake cha viazi vya kuchemsha.

"Ungeweza kumweleza," akasema. "Mama anakusikiliza wewe. Neno moja tu lingetosha."

"Kaka," nikamwambia, "wewe mwenye mia moja arobaini na nne umeshindwa kumweleza. Mimi wa themanini na sita ningeanzia wapi?"

Akatazama meza ya baba. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na nilidhani nimemuumiza, kumbe anacheka, anacheka kwa dhati, kama zamani tulipokuwa tunajificha chini ya meza hiyohiyo na baba anajifanya hatuoni.

"Haya, bosi," akasema akifuta macho, akinisogezea kibakuli. "Basi nipe chumvi."

Nilichungulia mlangoni kwanza, nisije nikamwona mama anakuja. Nikamnyunyizia. Kidogo tu, maana mia moja arobaini na nne si mchezo, na kaka ninaye huyu mmoja.