Mwezi Mmoja na Mikono ya Rafiq

Jumamosi ile, baada ya alasiri, mlangoni mwa fleti namba 214 kule Jumeirah Village Circle kulikuwa na jozi nane za viatu: tatu za kiume, tano za kike. Madam Hilwa alizitazama, akatazama fomu zilizojazwa, akakuta wawili wamejiandika "binamu". Akaguna, akafunga mlango.

Madam Hilwa alitaka aitwe Daktari, lakini watu wana akili zao. Alikuwa binti wa ukoo wa Kizanzibari uliokaa Dubai miaka na miaka. Mwaka 2015 alikwenda ng'ambo kusoma kozi ya siku kumi na moja, akarudi na cheti chenye fremu ya dhahabu na habari kwamba ndoa haziugui midomoni, zinaugua mwilini. "Nyinyi mnasemezana mno," alikuwa akiwaambia wateja wake. "Hapa hakusemwi. Hapa mwili ndio unaosema." Kisha angesema yeye dakika arubaini, huku udi unafuka na watu wamekaa kwenye magodoro ya mazoezi, miguu inawafa ganzi.

Sumeiya hakufuata udi wala mwili. Alifuata karatasi. Mumewe, Rafiq, ajenti wa mizigo kule Deira, alikuwa akimpiga mwaka wa tatu sasa, na Sumeiya alitaka talaka yake arudi Mombasa kwa mamake. Mara tatu alikwenda kwa Ami Junaid, ndugu ya marehemu babake, ambaye kwa huku Ghuba ndiye aliyesimama mahali pa baba. Mara tatu Ami Junaid alimsikiliza, akanywa kahawa, akasema maneno ya mke na mume hayana mizani. "Niletee karatasi ya mtu aliyesoma," alisema. "Nikiiona kwa macho yangu, nitakuachisha siku hiyo hiyo." Madam Hilwa alikuwa anatoa ripoti kwa kila mteja baada ya wiki nne. Basi, hiyo tu. Rafiq naye alikubali kuja kwa sababu hakuwa na ubavu wa kumkatalia Ami Junaid.

Zoezi la kwanza lilikuwa jepesi. Mkae mkitazamana, mshikane vifundo vya mikono, mfumbe macho, mvute pumzi mara saba. Pumzi ya saba ilipotoka, mikono ya kila mtu ilichomoka vifundoni, ikavuka ikajipachika kwa mwenzake. Hapakuwa na damu. Ulisikika mlio tu, kama wa kopo la maziwa ya unga linapofunguliwa.

"Mtakaa nayo mwezi," alisema Madam Hilwa. "Siku tatu za mwanzo msishike ndimu wala pilipili. Yalla, viatu vyenu."

Sumeiya akajitazama: viganja vipana, manyoya kwenye vidole, kucha za mtu anayefungua maboksi. Rafiq naye akapata mikono yenye hina ya harusi ya jirani, maua mpaka kwenye ncha za vidole. Jambo la kwanza alilofanya bwana huyo, hata lifti haijafika, ni kubadilisha namba ya siri ya simu, maana alama za vidole vyake sasa zilikuwa kwa mkewe. Hodari kweli! Ndoa ilikuwa imemshinda miaka saba, lakini hilo aliliwaza kwa nukta moja.

Wiki ile mikono ya Sumeiya haikumpa Rafiq raha. Ilimwamsha kabla ya alfajiri, ikamburura jikoni, ikakanda unga, ikasukuma chapati, ikakunja nguo zilizoanuliwa. Kule Deira ilifuta vumbi kwenye mizani ya mizigo na kupanga stakabadhi kwa tarehe. Wateja waliiona ile hina wakampongeza. Yeye akawaambia, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuhiji, kwamba yumo kwenye matibabu ya ndoa. Mashaallah, walisema, wanaume wa hivi wameadimika. Akapiga picha sahani ya chapati, akaituma kwenye kikundi cha Wamombasa, na mioyo myekundu ikamiminika. Loo! Mtu mzima, anasifiwa kwa mikono ya mwenziwe na wala haoni haya.

Mikono ya Rafiq nayo, kwa Sumeiya, haikutaka kazi. Ukiipeleka kwenye sahani chafu inalegea. Ilipenda rimoti, na kumkuna tumbo asipowashwa. Siku mbili alipumzika, na hakuona vibaya.

Jumanne asubuhi, Rafiq yuko Deira, Sumeiya alimpigia mamake simu. Akasema, "Mama, mimi nimechoka naye." Mkono wa kulia ukaiweka simu mezani, taratibu, kioo juu, kisha ukampiga kofi. Ulimpiga shavu la kushoto, karibu na sikio, pale pale pa siku zote.

Sumeiya alikwenda kwenye friji akatoa barafu. Hakulia. Kwa kweli alifurahi, na furaha yake ilimtia aibu. Miaka mitatu alikuwa anaeleza kitu kisichoonekana na mtu. Sasa kinaonekana. Jumamosi ataibeba mikono hii mpaka mbele ya mtu mwenye cheti, na cheti kitaandika.

Ilipofika Jumamosi Madam Hilwa aliuliza kila mmoja amejifunza nini. Rafiq alisimama akasema amejifunza kwamba mke anachoka, machozi yakamlengalenga, na waume wawili wengine wakampigia makofi. Aliongeza kwamba yeye, tangu amuoe, hajawahi kumnyanyulia Sumeiya sauti.

"Mwongo," alisema Sumeiya.

Mkono ukapanda. Kofi lilisikika mpaka jikoni. Likafuata la pili, la kushoto, kwa sababu Rafiq alikuwa na desturi ya kumaliza kwa kushoto.

Chumba kizima kiliona. Madam Hilwa alichukua kalamu.

"Hii mikono si ni ya Rafiq?" aliuliza Peninah, Mkenya wa mapokezi kwenye hoteli moja ya Al Rigga, mmoja wa wale binamu. "Yaani si tumeona wote? Inajua njia hadi hapo. Hiyo si mara ya kwanza, wacha tuambiane ukweli."

"Mimi nilikuwa Deira wiki nzima," alisema Rafiq. "Waulize wateja."

Madam Hilwa alimgeukia Sumeiya kwa upole, ule upole wa kumwambia mtoto kwamba dawa si chungu. "Mwanangu, mikono hii kwa sasa iko kwa nani?"

"Iko kwangu, lakini ni..."

"Iko kwako. Khalas. Kilicho kwako ni jukumu lako, hapa hatunyoosheani vidole." Akaandika, na Sumeiya akaona jinsi alivyoandika haraka.

Rafiq hakuishia hapo. Watu walipokuwa wakivaa viatu, alimvuta Madam Hilwa pembeni, akamwuliza, kwa sauti ya kusikika, kama ana hakika wale wawili ni binamu, maana mmoja ni Mganda Mwislamu na mwenzake Mkenya wa kanisani, na hii ni nchi ya watu yenye sheria zake. Madam Hilwa alikuwa ana hakika tangu siku ya viatu, na hakujali, mradi hakuna aliyesema. Sasa amesema mtu. Siku ya pili akawaandikia ujumbe kwamba nafasi zimejaa, na kwamba hata hivyo zoezi kwao halikufanya kazi.

Hilo la mwisho lilikuwa kweli kwa namna yake. Peninah na Joweria, yule binamu wa pili, walibadilishana mikono kama wengine, na hapakutokea kitu. Mikono ya Joweria kwa Peninah ilimkorogea Joweria chai vile vile, na ya Peninah kwa Joweria ilimfunga Peninah zipu ya sare kila asubuhi, kama zamani. Walichofuata kwa Madam Hilwa ni dawa ya ugomvi wao, maana walikuwa wakigombana kwa kuchoka kujificha, na hapo mikono haikuwa na kosa. Hawakuitwa kurudishiwa mikono. Wamekaa hivyo hivyo, na hawajaona sababu ya kuhangaika.

Sumeiya aliwafuata Al Rigga, saa ya mapumziko yao ya mchana, akawakuta kwenye ngazi za nyuma za hoteli wakila wali kwenye kopo moja. Akawaomba waende naye kwa Ami Junaid. Waseme walichoona, basi.

Joweria aliweka kijiko chini. "Dada, mimi nataka. Haki ya Mungu nataka. Lakini huyo mzee atauliza swali la kwanza: nyinyi ni nani, mlikuwa mnafanya nini pale? Tukijibu, tunarudishwa kwetu. Ama jela."

"Tuliona," alisema Peninah. "Hiyo nakwambia wewe. Tuliona vizuri sana." Akamshika bega, kwa mkono wa Joweria.

Wiki ya nne mikono ilirudi kwa wenyewe. Ya Sumeiya ilirudi imekauka, hina imefutika. Rafiq alipewa cheti. Ripoti ikatiwa kwenye bahasha.

Ijumaa baada ya sala walikaa sebuleni kwa Ami Junaid, kahawa kwenye sinia katikati yao. Mzee alivaa miwani, akaikunjua karatasi ya Kiingereza, akaisoma huku akiigeuza Kiswahili, neno moja moja, kwa heshima kubwa. "Mume. Amepata maendeleo ya kupigiwa mfano. Anapika, anafua. Mke. Ana tabia ya kujipiga, imeshuhudiwa na kikundi kizima. Ushauri. Waendelee kuishi pamoja, na mume amsimamie kwa karibu."

"Ami, ile ilikuwa mikono yake," alisema Sumeiya.

"Sumeiya, usimchoshe mzee," alisema Rafiq.

"Sinyamazi. Umenipiga miaka mitatu. Nataka kwenda kwa mamangu."

Mkono wa Rafiq, uliokuwa siku ya sita tangu urudi kwa Rafiq, ulivuka sinia ukampiga kofi. Kikombe kilianguka. Ami Junaid aliutazama ule mkono. Aliufuata kwa macho kutoka vidoleni mpaka kifundoni, kutoka kifundoni mpaka kiwikoni, akapanda begani, akafika kwenye uso wa Rafiq, akakaa hapo kidogo. Kisha akarudi kwenye karatasi, akautafuta mstari kwa kidole, akausoma tena mpaka mwisho.

"Mwanangu," alimwambia Sumeiya, "jizuie. Usijipige mbele ya watu."

Rafiq akamwomba mzee radhi kwa niaba ya mkewe, akaokota kikombe.